Tarehe ya Maua ya Uzi katika Tana ya Chini

Wenye kuandika tarehe ya nchi ya Tana aghalabu huanza na masultani wa Witu, wakaendelea na ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliojipatia mkataba wa ardhi kwa Sultani Ahmed Simba mwaka 1885, wakapita kwenye moto wa Waingereza ulioteketeza mji ule mwezi wa Oktoba 1890, kisha wakatua katika mabwawa, skimu na mafuriko ya zama zetu. Na katika safari yote hiyo ndefu ni nadra kumwona mwanamke aliyeketi barazani na kazi yake mkononi, ingawa kazi hiyo ilikuwako kabla ya mkataba wa kwanza na imebakia baada ya mikataba yote kuliwa na mchwa. Makala haya yataifuata kazi moja tu miongoni mwa hizo, nayo ni ufumaji wa maua ya uzi kwa sindano yenye kulabu, maua yawekwayo mezani, yashonewayo pembeni mwa vitambaa vya makochi na mapazia, yapambayo nyumba za Garsen, Ngao, Golbanti, Tarasaa na vijiji vilivyo kati yake.

Tana, mto mrefu kupita yote katika Kenya, hushuka kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukakata nchi kavu kwa kiasi cha kilomita 1,000, ukamwaga maji yake baharini huko Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Kandokando yake wakaa Wapokomo, watu wa jembe na mtumbwi, walimao mpunga, mahindi na ndizi katika udongo uachwao na maji yanaposhuka. Na nyuma ya ukanda huo wa mashamba wamo Waorma na Wardei, watu wa ng'ombe, wanaoujia mto wakati wa kiangazi. Katika nchi hiyo mkoma humea bila kupandwa na mtu, na makuti yake machanga yakikatwa, yakaanikwa juani na kuchanwa, huwa miyaa, ambayo wanawake wameisuka tangu dahari ikawa shupatu ndefu, na shupatu ikashonwa ubavu kwa ubavu hata ikawa mkeka wa kulalia, msala wa kusalia au jamvi la kuwakirimu wageni. Wanawake wa Kiorma nao walisuka mikeka ya nyumba zao za kuhamishika, na vyombo vya maziwa vilivyokazwa hata havivuji. Msusi wa ukili huhesabu bila kutamka, hujua kwa ncha za vidole kama mkono umelegea au umekaza mno, na huweza kuzungumza, kucheka na kumkemea mtoto pasipo kupoteza hesabu yake. Kwa hiyo kulabu ilipofika Tana haikukuta mikono mijinga. Ilikuta elimu kamili iliyokuwa ikingojea uzi mwembamba zaidi.

Asili ya kulabu yenyewe ni mbali. Katika Ulaya ufumaji huu ulienea katika karne ya 19, na habari yake iliyo mashuhuri ni ya Ireland, ambako maradhi ya viazi yalileta njaa kuu tangu mwaka 1845 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850, na watawa pamoja na mabibi wa hisani wakawafunza wanawake maskini kufuma lesi za kuuza, huyu akifuma waridi, yule jani, mwingine kikonyo, kisha fundi aliye hodari zaidi akaviunga vyote pamoja kwa wavu mwembamba. Pambo la sebule za matajiri, basi, lilikuzwa na wenye njaa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila adhaniaye kwamba maua ya uzi ni mchezo wa wake wasiokuwa na shughuli, na lafaa zaidi kukumbukwa huku Tana, ambako ukame na mafuriko hupokezana zamu.

Kuja kwa sindano katika mto huu kulifuatana na kuja kwa misheni. Wamethodisti wa Uingereza ndio waliotangulia kujenga Golbanti, na mwezi wa Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie wakauawa huko katika shambulio la Wamaasai. Mwaka uliofuata, 1887, wakaja Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaketi Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akajifunza Kipokomo hata akalifasiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Tafsiri ile ina mwaka wake na jina la mwenyewe. Darasa la sindano halina mwaka wala jina. Lakini ada ya misheni za zama zile, pwani nzima, ilikuwa mvulana kupewa kitabu na randa ya seremala, na msichana kupewa kitabu na sindano, kwa nia ya kuwapatia waumini wapya wake wenye nyumba nadhifu kwa kipimo cha Ulaya. Nia hiyo ilikuwa nyembamba, nami siisifu. Ila wanafunzi waliipanua wenyewe, maana maarifa yakisha kuingia mkononi hayamwulizi mwalimu ruhusa ya kwenda yatakako. Hata vita vya 1914 vilipozuka na Wajerumani wa Ngao wakawa maadui wa serikali iliyotawala, hapakuwa na amri iwezayo kuyahamisha yale waliyokwisha kuyajua mabanati wa mtoni.

Uzi ulikuja kwa njia ya maji. Bidhaa za Tana ya chini zilitoka Lamu kwa mashua hadi Kipini, zikapanda mto Ozi hadi Kau, na mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19, ukaunganisha Ozi na Tana. Baadaye barabara ya Malindi na Lamu ikaupatia mji wa Garsen kazi yake ya pili, kwani hapo ndipo barabara ilipokutana na mto, na kabla ya daraja kujengwa magari yalivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba, nguvu ikiwa ni ya mikono ya watu. Mto ukijaa, wasafiri walikaa. Mahali pa kungojea hukua maduka, na dukani, baina ya chumvi, sukari, mafuta ya taa na betri, hapakosi kibweta cha nyuzi.

Sasa nieleze jinsi ua lenyewe linavyofumwa, kwa kuwa wengi wameliona na wachache wamelitazama. Mfumaji huanza na mnyororo wa vitanzi vitano au sita, akaufunga ukawa pete. Ndani ya pete akajaza mafundo mafupi yapata 12. Juu yake akatundika matao sita ya mnyororo, na ndani ya kila tao akafuma fundo fupi, kisha refu, kisha marefu zaidi kwa idadi aitakayo, akarudi kwa refu na kukomea kwa fupi, na hapo tao likatuna katikati likawa petali. Duru ya pili haisimami juu ya ile ya kwanza, bali hujificha nyuma yake: matao mapya, yaliyoongezwa urefu kidogo, hutundikwa mgongoni mwa petali za mwanzo, na petali zake zikatokeza nafasini kwa ukubwa zaidi, na duru ya tatu ikifuata, waridi limekamilika, limevimba kutoka ndani kama lililochanua lenyewe. Siri yote imo katika mkono wa kushoto unaoachia uzi, si katika wa kulia unaoshika sindano. Mkono ukilegea, ua hunyong'onyea kabla halijawekwa mezani. Ukikaza, ua hujikunja likawa kikombe, wala hapana pasi iwezayo kulinyoosha. Mashine za viwandani huiga sura ya kazi hii, ila fundo lenyewe la kulabu hutoka mkononi mwa mtu.

Ua likitakiwa kusimama lazima litiwe ugumu, na hapo mafundi huhitilafiana kama wanazuoni. Wako wachovyao katika maji ya sukari yaliyochemshwa hata yakawa mazito, na ua lao hukauka likasimama wima kwa fahari, mpaka siku sisimizi watakapopata habari zake. Nao katika joto la Tana hupata habari upesi. Wengine hutumia wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi, ambao haualiki wadudu lakini huhitaji kurudiwa kila ua lifuliwapo. Mimi niko upande wa wanga. Rangi nayo ina mjadala wake: nyeupe ndiyo yenye heshima, na ndiyo inayoonyesha kwanza vumbi la kiangazi na tope jeusi la masika, hata mwenye maua meupe mezani huwa ametangaza kwa jirani zake kwamba yuko tayari kufua kila juma.

Wala isidhaniwe kuwa sanaa hii ni ya wanafunzi wa misheni peke yao. Wapokomo wa juu ya mto ni Waislamu, kama walivyo Waorma na Wardei, na adabu ya uzi ya miji ya Waswahili haikungoja mzungu: kofia za kutarizi, zenye nakshi ya vitundu vilivyozungushiwa uzi kwa subira ya wiki nyingi, ni kazi ya zamani ya visiwa vya Lamu. Na mapenzi ya maua pwani ni makongwe kuliko yote hayo, maana hapana harusi ya haki pasipo kikuba cha asumini, rehani na mkadi, kilichofungwa jioni na kufa kabla ya jua kutoka. Bibi harusi wa leo huvaa kikuba kwa harufu yake, na huweka maua ya uzi chumbani kwa sura yake. Ni mawili yanayosaidiana, wala la pili halijapata kulifukuza la kwanza.

Zama za kuenea kwa kazi hii Kenya nzima zilianza mwaka 1952, ilipoundwa Maendeleo ya Wanawake, ambayo vyama vyake vya vijijini vilifunza usafi, ulezi, upishi na ushoni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu zake za kisiasa katika jambo hilo, maana ulikuwa mwaka uleule wa kutangazwa hali ya hatari. Wanawake nao walikuwa na hesabu zao. Baada ya uhuru, kochi la mbao lenye mito lilipoingia sebuleni, kitambaa cha kufuma kikapanda juu ya mgongo wake na mikono yake, kisha juu ya redio, kisha juu ya runinga, na ua likakaa katikati ya kila kitambaa. Katika mwaka huohuo wa uhuru, 1963, taifa lilitwaa wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto likautengeneza kuwa wimbo wake. Mama wa Tana ametoa sauti isimamiwayo na marais, ila kazi ya mikono yake haijapata heshima kama hiyo.

Nafika sasa kwenye jambo linalonitia uchungu kuliko sisimizi. Nchi hii ya Tana ni nchi ya pamba. Skimu ya Hola, iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa jasho la mahabusi wa hali ile ya hatari, nayo ndiyo Hola ambako mahabusi 11 waliuawa kwa marungu tarehe 3 Machi 1959, ilikuja kulima pamba. Na Bura, iliyofunguliwa kwa mikopo mikubwa ya nje mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliwaleta wakulima kutoka pande mbalimbali za Kenya ili walime pamba kwa maji ya mto. Mwaka 1989 mto ukahama njia yake ukaiacha Hola bila maji. Bura nayo pampu zake zikaishinda. Kisha katika miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikafurika, na viwanda vya nguo kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikafunga. Katika miaka yote ile pamba ilipokuwa ikisheheni malori, ilipita machoni pa wafumaji ikaenda zake, na mfumaji wa Garsen akaendelea kununua dukani kidonge cha uzi wa pamba kilichotoka mbali. Leo wengi hutumia uzi wa viwandani usio na pamba ndani yake, kwa kuwa ni rahisi na rangi zake ni nyingi. Ua lake ni laini, lakini halina mng'ao, na petali hazishiki umbo.

Skimu zilianguka, na ua la uzi lingaliko. Sababu yake naiona katika mto wenyewe. Mafuriko ya 1961 yangali vipimo vya umri kwa wazee. Yakaja ya El Niño mwishoni mwa 1997, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024, na kila mara watu wakahamia miinukoni, mashamba na kuta za udongo vikabaki chini ya maji. Sanaa ihitajiyo kitanda cha kufumia, tanuri au karakana haiwezi kudumu katika nchi ihamayo namna hii. Kulabu na kidonge cha uzi huingia katika mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho, na kambini, ambako siku ni ndefu na jembe halina pa kupigwa, mikono hupata kazi.

Elimu ya shule iliisaidia sanaa hii kwa muda, wakati mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulipoweka sayansi kimu na kazi za mikono darasani, kisha ikaiacha, masomo ya mitihani yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa mwalimu ni simu: msichana hutazama mikono ya mgeni asiyemjua, husimamisha, hurudisha nyuma, hufuma, hufumua. Kwa njia hiyo yamekuja maua ya nywele za watoto, ya mikoba na ya viatu, na bei yake hugombaniwa kama bei ya samaki, kwa sababu mnunuzi huhesabu uzi asihesabu jioni. Mafundi wenye akili wamejifunza kutofuma kwa matumaini. Mwenye harusi atakaye maua ya mapazia na meza kwa siku maalumu huagiza mwezi mzima kabla, akatanguliza fedha ya uzi, na asipotanguliza hujibiwa kwa adabu kwamba mkono unauma.