Sarafu ya Tabora ya Mwaka 1916: Chapa Hii ni ya Nani?



Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia kupitia kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Haikugongwa kabla ya mwaka huo, wala haikugongwa tena baadaye. Wakusanyaji wa sarafu duniani huipenda sana, na wanaipata kwa maelfu ya dola. Sisi tunaoishi Shinyanga, Kahama na Geita, katika nchi ya dhahabu, tuna sababu zetu za kuifahamu, na wengine wetu tunaihitaji habari hii kama onyo.

Tuanze na chanzo chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani. Fedha yake ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanyika katika heller 100. Sarafu hizo zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani. Waingereza walipoifunga pwani kwa manowari zao, meli hazikuweza tena kuleta fedha, na serikali ya Gavana Heinrich Schnee ikaanza kuchapa noti za muda humu humu nchini. Watu wengi hawakuziamini karatasi zile. Askari, wapagazi na wauza nafaka walitaka kitu kinacholia kikidondoshwa mezani.

Hapo ndipo dhahabu ya kwetu ilipoingia. Msafiri atokaye Singida kuja Nzega, Kahama au Shinyanga huuteremka mlima Sekenke kabla ya kuvuka mbuga ya Wembere. Huko Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, ndiko Wajerumani walikokuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka michache kabla ya vita. Dhahabu yake haikuweza tena kusafirishwa kwenda Ulaya, kwa hiyo ilipelekwa Tabora, mji uliokuwa umegeuka kuwa makao ya serikali. Katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, mashine zilizokusudiwa kuhudumia garimoshi zikatumiwa kugonga fedha.

Sarafu iliyotoka hapo ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ni dhahabu, na robo ni metali nyingine. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani, pamoja na jina la koloni na thamani ya rupia 15, ambazo zilikuwa sawa na mark 20. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916, na herufi T kwa ajili ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198. Wataalamu huzigawa katika aina mbili kwa kutazama mahali inapoishia ncha ya pambo lililo kando ya maandishi: aina moja ni sarafu 9,803, na nyingine 6,395. Tukipiga hesabu, dhahabu safi iliyotumika kwa sarafu zote hizo haikuzidi kilo 88.

Mkusanyaji anayetaka sarafu zote za Tabora za mwaka ule hatosheki na dhahabu peke yake. Hutafuta pia heller 5 na heller 20 zenye taji ya Kaisari na herufi D.O.A., zilizogongwa kwa mabaki ya shaba, yakiwemo maganda ya risasi. Heller 20 zilikuwa nyingi, zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana hata leo huonekana katika masanduku ya wazee wetu na hazina bei kubwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini sarafu yenye dhahabu isiyofika gramu 6 inunuliwe kwa bei inayopita mara kadhaa ile ya dhahabu iliyomo? Jibu ni kwamba ni chache, na mwaka wake haurudi. Ndivyo ilivyo hata kwingineko. Huko Marekani ziligongwa sarafu za dhahabu za dola 20 zenye mwaka 1933, jumla yake 445,500. Rais Franklin Roosevelt akaiondoa dhahabu katika mzunguko wa fedha, na karibu zote zikayeyushwa kabla ya kutumika. Chache ziliponyoka. Mwaka 2021 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa dola zipatazo milioni 18.9. Thamani ya namna hiyo huzaliwa na uhaba na tamaa ya wanunuzi. Metali yenyewe haijaongezeka hata chembe.

Wapendwa, katika Dominika ya 29 ya Mwaka A tunasoma Injili ya Mathayo, sura ya 22, Mafarisayo wanapomtega Bwana wetu kwa swali la kodi. Yeye anaomba aonyeshwe sarafu, kisha anauliza sura na maandishi yaliyomo ni ya nani. Wanajibu kuwa ni ya Kaisari. Babu zetu wangeweza kulijibu swali lile kwa sarafu zao wenyewe, kwa maana taji iliyokuwa juu ya heller ilikuwa ya Kaisari Wilhelm, na kodi waliilipa kwake. Kodi hiyo kwa kawaida ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alizitafuta kwa jasho la kibarua. Sarafu moja ya tembo, basi, ilikuwa sawa na kodi ya mwaka mzima ya watu watano.

Lakini Bwana hakuishia kwa Kaisari. Alidai pia kwamba vya Mungu apewe Mungu. Mababa wa Kanisa walieleza vizuri: kama sarafu ina sura ya mfalme na hurudishwa kwa mfalme, basi mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni mali ya Mungu. Kwa mwanga huo tuitazame tena sarafu ya 1916. Ina tai, ina tembo, ina mlima. Haina sura ya mtu aliyelivunja jiwe Sekenke, wala ya mpagazi aliyebeba mzigo kichwani kuvuka Wembere.

Sarafu ile ilidumu kuliko utawala ulioigonga. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, kisha wakashuka kusini kupitia Shinyanga, huku Wabelgiji wakitokea upande wa magharibi. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Vita vikaendelea kusini hadi Novemba 1918. Majeshi ya pande zote yalikwenda kwa miguu ya Waafrika waliobeba chakula, risasi na majeruhi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanahesabu wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao. Na vijijini ambako nafaka na mifugo vilichukuliwa ilifuata njaa kali, kama ile ya Mtunya katika nchi ya Wagogo.

Tazameni jinsi hesabu zilivyowekwa. Tunajua idadi ya sarafu hadi moja ya mwisho: 16,198. Tunajua hata ncha ya pambo ilipoishia. Wapagazi tunawahesabu kwa makadirio ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Dunia ilitunza kwa uangalifu kile chenye chapa ya Kaisari, ikawaacha waliokuwa na chapa ya Mungu wapotee njiani.

Je, sisi tumekuwa bora zaidi? Mgodi mkubwa wa Geita wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Soko la madini la Geita likafunguliwa mwaka 2019, na wachimbaji wadogo wengi hupeleka dhahabu yao huko ipimwe kwa mizani iliyo wazi. Hayo ni mema, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini katika ukanda huu huu, tangu miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, watoto miongoni mwao, kwa sababu watu walidanganywa kuwa viungo vyao huvuta utajiri wa dhahabu na samaki. Kuna kijana anayeingia duarani bila magogo ya kuegemeza kuta, na mama anayeshika zebaki kwa mikono mitupu huku mtoto yuko mgongoni. Kila mara tunapoikubali biashara ya namna hiyo, tunatamka kuwa metali ina thamani kuliko mtu.

Lipo pia jambo la “rupia” na “mali ya Mjerumani”. Wapo wanaozunguka vijijini wakisema kuna masanduku ya dhahabu yaliyofukiwa karibu na maboma ya zamani, chini ya miti mikubwa, hata makaburini. Wanadai ng'ombe au fedha za kafara kwanza, kisha wanatoweka. Wengine huuza sarafu ya tembo iliyotengenezwa juzi. Kumbukeni hesabu ile: sarafu zote pamoja zilikuwa na dhahabu safi isiyozidi kilo 88, nazo zilitawanyika duniani. Anayewaahidi sanduku zima anawaahidi ndoto. Mwenye sarafu ya kale asimwamini mnunuzi wa kwanza: aipime kwa mizani sahihi, aulize makumbusho au mtu mwenye ujuzi, asiisugue wala kuitia moto. Na kaburi la marehemu lisiguswe kwa ajili ya rupia. Hiyo ni dhambi, tena ni kosa la jinai.

Sisemi kwamba ni vibaya kukusanya sarafu za kale. Anayezitunza kwa moyo safi huhifadhi kumbukumbu, na bila watu wa namna hiyo tusingejua mengi niliyoyaeleza hapa. Bwana mwenyewe, katika Luka sura ya 15, alimsifu mama aliyewasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya sarafu moja kati ya kumi, akasema ndivyo ilivyo furaha mbinguni kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu. Tujifunze kutoka kwa mama yule. Tuwashe taa na kuwatafuta watu kwa bidii ile ile.

Kwa hiyo naomba kila familia ifanye jambo moja kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu wote. Waulizeni wazee: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa kuwa mpagazi au askari katika vita ile, na hakurudi? Ni nani aliyefukiwa na kifusi duarani? Ni nani aliyeuawa kwa ushirikina? Andikeni majina katika karatasi, myalete kwa viongozi wa Jumuiya zenu Ndogo Ndogo. Kama jina limesahaulika, andikeni ukoo na kijiji. Tutayasoma mbele ya altare, moja baada ya jingine, bila haraka, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa wa pekee, na mfano wake haukugongwa mara ya pili.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Nawatakia juma lenye baraka.

Paroko wenu