Ebola ya 2018 katika Beni na Butembo: uvumi ulitoka wapi, na ulitufundisha nini?

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Waziri wa Afya Oly Ilunga alitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, mji mdogo ulio kilometa 30 hivi kutoka Beni. Juma moja tu lilikuwa limepita tangu serikali itangaze mwisho wa Ebola nyingine, ile ya jimbo la Equateur. Wakaaji wengi wakauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: ugonjwa huu umerukaje nchi nzima, toka magharibi hadi mashariki, kwa siku saba?

Jibu lilikuwepo. Vipimo vya maabara ya INRB vilionyesha kwamba virusi vya Mangina havikutoka Equateur. Ilikuwa milipuko miwili tofauti. Lakini jibu hilo lilisemwa kwa Kifaransa cha wataalamu, kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Barabarani na kwenye makundi ya WhatsApp kulikuwa na majibu mengine, na hayo yalisemwa kwa lugha ya nyumbani: Ebola imeletwa, Ebola ni biashara, Ebola ni njia mpya ya kutumaliza.

Ugonjwa huo ulikwisha rasmi tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 walihesabiwa kuwa waliugua katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, na 2.287 kati yao walikufa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika ya Magharibi wa 2014 hadi 2016. Na huu wetu ulitokea wakati chanjo ilikuwa tayari ipo. Watu zaidi ya 300.000 waliipata. Basi kwa nini wengi walikufa hivyo? Vita ni sababu moja. Sababu nyingine ni kuaminiana, na hiyo ina historia ndefu kuliko simu zetu.

Uvumi wa zamani

Anayefikiri kwamba uvumi ulizaliwa na Facebook awaulize wazee wa Katanga juu ya batumbula. Wakati wa Wabelgiji, katika miji ya migodi, watu walisimuliana kwamba kuna wazungu na vibarua wao weusi wanaokamata watu usiku, na anayekamatwa harudi. Pwani ya Afrika ya Mashariki walisimulia hadithi ya namna hiyo juu ya mumiani, wanyonya damu. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya masimulizi kama hayo na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Hakutafuta kama wanyonya damu walikuwepo. Aliuliza watu walikuwa wanasema nini juu ya maisha yao waliposimulia hadithi hizo. Mtu anayeona nguvu zake zinachukuliwa kila siku na hajui zinakwenda wapi, atasema nini? Atasema damu yake inanyonywa.

Tena, si kila hofu ilikuwa hadithi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, utawala wa kikoloni ulipiga vita ugonjwa wa malale, hasa upande wa Uele. Watu walipangwa mistari wapapaswe shingo. Waliokutwa wagonjwa walipelekwa katika kambi zilizolindwa na askari, mbali na jamaa zao, na kuchomwa dawa iliyoitwa atoxyl. Dawa hiyo ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Watu wakakimbilia msituni, na wakubwa wakaandika kwamba wenyeji ni wajinga. Lakini aliyemwona ndugu yake akienda akiona na kurudi kipofu, alikimbia kwa ujinga au kwa sababu alikuwa na macho?

Hata Ebola yenyewe ilianza hivyo. Kule Yambuku, mwaka 1976, watu 318 waliugua na 280 wakakufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi waliambukizwa katika hospitali ya misheni, kwa sindano zilizotumiwa tena na tena bila kuchemshwa vizuri. Hofu kwamba mtu anakwenda hospitali kwa homa na kutoka maiti ilikuwa na msingi. Katika Beni na Butembo pia, wengi waliambukizwa kwenye vituo vya afya walikokwenda kutibiwa ugonjwa mwingine.

Wataalamu walisema nini?

Elimu ya uvumi si ya jana. Mwaka 1947, Wamarekani Gordon Allport na Leo Postman waliandika kwamba uvumi unakua mambo mawili yakikutana: jambo ni zito kwa watu, na habari zake hazieleweki. Likikosekana moja, uvumi hauendi mbali. Mwaka 1966, Tamotsu Shibutani aliongeza kwamba uvumi ni habari ambazo watu wanajitengenezea wenyewe pale wanapokosa habari za kuaminika. Watu wanakaa pamoja, kila mmoja analeta kipande anachojua, wanaunganisha. Ndiyo kazi ya radio trottoir yetu tangu zamani.

Mitandao ya simu imeleta mwendo. Mwaka 2018 huo huo, watafiti Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchunguzi juu ya habari 126.000 hivi zilizopita kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na nafasi ya asilimia 70 zaidi ya kurushwa tena kuliko ya kweli. Ukweli ulichukua muda mara sita hivi zaidi kuwafikia watu 1.500. Na waliosambaza zaidi uongo hawakuwa mashine, walikuwa watu, kwa sababu uongo ulikuwa mpya na wa kushangaza. Hiyo ni Twitter, ambako kila mtu anaona. Kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kanisa, sauti inatoka kwa mtu unayemjua, na hakuna mtu wa nje anayesikia ili asahihishe.

Kwetu, uchunguzi ulifanywa mapema. Kati ya tarehe 1 na 16 mwezi wa tisa 2018, Patrick Vinck wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake, pamoja na mtafiti wa ULPGL ya Goma, waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mtu mmoja kati ya wanne, yaani asilimia 25,5, hakuamini kwamba Ebola ipo. Asilimia 32,6 waliamini imetengenezwa kwa ajili ya fedha, na 36,4 waliamini imetengenezwa ili kuvuruga eneo. Lakini namba ambayo ingefaa kusomwa kwanza ni nyingine: asilimia 31,9 tu ndio waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea faida ya raia. Waliokosa imani hiyo, na waliosadiki uvumi, ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda kutibiwa.

Mlango uliachwa wazi

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu mwezi wa kumi 2014, raia wa Beni walikuwa wanauawa kwa panga na risasi. Wakaomba msaada, wakaandamana, wakazika. Halafu Ebola ikaja, na ghafla barabara zikajaa magari ya gharama, pesa za motokaa za kukodi, mishahara ya dola. Swali la mama sokoni lilikuwa rahisi: kwa nini tulipokuwa tunachinjwa hawakuja?

Kisha ikaja tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018. Siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliwekwa kando, na rais mpya akaapishwa mwezi wa kwanza bila kura zao. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Kura tu ndiyo iliyoambukiza! Kesho yake, katika maandamano ya Beni, kituo cha kupokea wagonjwa kilishambuliwa. Yule aliyekuwa akisema kwamba Ebola ni siasa hakuhitaji tena ujumbe wa WhatsApp kuthibitisha.

Mabaya yakafuatana. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 mwezi wa nne, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Hakuna hofu wala hasira inayohalalisha damu hiyo. Na kila mara kazi iliposimama kwa sababu ya mashambulizi, ugonjwa ulipata nafasi ya kuenea. Uvumi uliua, tusifiche hilo.

Lakini tusifiche na upande wa pili. Walioita kazi ile «Ebola business» waliambiwa wanaeneza uongo. Tarehe 28 mwezi wa tisa 2021, tume huru iliyoundwa na OMS, ambayo Mkongomani Julienne Lusenge alikuwa mmoja wa viongozi wake wawili, ilitoa ripoti juu ya wanawake waliodaiwa ngono ili wapewe kazi katika Riposte. Ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wafanyakazi wa OMS. Ndani ya gunia la uvumi kulikuwa na ukweli, na waliotupa gunia lote walitupa na sauti za mama hao.

Kilichosaidia

Kuna kazi moja ambayo haikupigiwa kelele. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, na badala ya kufundisha tu, waliandika watu wanavyosema: maswali, malalamiko, uvumi. Maandishi hayo yalichambuliwa, na mengine yakabadilisha kazi. Watu walisema mifuko ya maiti imejazwa mawe, au viungo vimetolewa. Ilianza kutumika mifuko yenye sehemu ya kuonea, familia ikaona sura ya mpendwa wao kabla ya kuzika. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa akaonana na watoto wake na kusema nao. Waliopona walipewa kazi ya kuwatunza watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, na mtu aliyepona ni jibu kuliko bango lolote.

Angalia: katika mifano hiyo hakuna aliyeshindana na uvumi kwa kuuita ujinga. Walitafuta swali lililo ndani yake. «Mifuko ina mawe» ilikuwa na maana: tuonyesheni mtu wetu.

Ebola ilirudi Butembo mwezi wa pili 2021, ikakwisha mwezi wa tano, wagonjwa 12. Ikarudi Beni mwezi wa kumi, ikakwisha kabla ya Noeli, wagonjwa 11. Chanjo ilisaidia, na waganga wa hapa, wanaojulikana mtaani kwa majina, walikuwa tayari wameijua kazi.

Msomaji, ugonjwa mwingine utakuja, au vita, au kura. Simu italia usiku na sauti ya mtu asiyejitaja. Kabla ya kuirusha kwa wengine, uliza: nani amesema, aliona kwa macho yake, na nikimtumia shangazi yangu, atafanya nini kesho asubuhi? Atakimbia hospitali? Ukikosa jibu, iache pale pale.

Na ninyi viongozi na mashirika, mnaotuomba kila mara tusieneze uvumi: ombi hilo ni la haki. Lakini tunapouliza, jibuni upesi, kwa lugha tunayoisikia, hata kama jibu ni «bado hatujui». Na mkikosea, semeni mmekosea kabla tume haijaja. Watu 2.287 walizikwa. Wengi wao wangekuwa leo shambani, sokoni au shuleni, kama siku ile ya kwanza mtu wa kuaminika angefika kwao kabla ya uvumi.