Hatari!: mapenzi ya Momella

Barabara inayochepuka Usa River kwenda Ngurdoto na Momella ndiyo iendayo kwenye shamba lililotumika katika filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962. Wengi huikumbuka kwa vifaru na ukubwa wa John Wayne. Mimi naihesabu kuwa komedi ya mapenzi, na kwa kipimo hicho mswada wa Leigh Brackett una nguvu isiyosifiwa vya kutosha. Dallas, mpiga picha, hapendwi kwa sababu ya uzuri tu. Analea ndama wa tembo waliofiwa na mama zao, na Sean (John Wayne), mwanamume aliyewahi kutendwa na mwanamke, analainika akimtazama kazini. Mapenzi yanaota ndani ya kazi. Mkosoaji atasema hadithi haina mgogoro, inarukaruka kutoka windo hadi windo kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Ni kweli, lakini ulegevu huo ndio unaoyapa mapenzi muda wa kukomaa.

Udhaifu mkubwa uko kwingine. Warusha, wenyeji wa eneo hilo, wanampa Dallas jina la Mama Tembo, kisha wanatoweka. Hawana penzi, ugomvi wala utani wao wenyewe. Kusema ni burudani tu hakutoshi. Filamu iliyoazima jina lake kutoka Kiswahili, na kutolewa miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, ilikuwa na wenyeji wa kuwasikiliza pale pale shambani.