Kimbunga cha 1970 na kura ya Wabengali

Je, mtu akipigwa na tufani hubadilisha kura yake? Jibu mojawapo liko katika historia ya ndugu zetu wa Bangladesh, ambayo mwaka 1970 ilikuwa ikiitwa Pakistan ya Mashariki.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, katikati ya Ramadhani, kimbunga kiliingia kutoka Ghuba ya Bengal. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa ya bamvua, basi bahari ikapanda juu ya Bhola, Hatiya na visiwa vya jirani. Wengi hawakuwa wamepata onyo la kueleweka. Inakadiriwa walikufa watu 300,000 hadi 500,000.

Serikali ya Jenerali Yahya Khan ilikuwa Pakistan ya Magharibi, kiasi cha kilomita 1,600 kutoka huko. Misaada ilichelewa na wananchi waliona wametupwa.

Tarehe 7 Desemba ukafanyika uchaguzi. Chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilipata viti 160 kati ya 162 vya upande wa mashariki. Katika majimbo yaliyoharibiwa zaidi, kura ilipigwa Januari 1971. Tusiseme kimbunga peke yake ndicho kilicholeta ushindi huo, kwani madai ya kujitawala yalikuwapo tangu 1966. Lakini kimbunga kiliwaonyesha watu kwa macho yao kile walichokuwa wakiambiwa majukwaani. Watawala walikataa kukabidhi madaraka, vita vikazuka Machi 1971, na Desemba 1971 Bangladesh ikawa huru.

Kura ya hasira hupoa upesi. Faida ilikuja kwa kazi iliyofuata. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa maonyo pamoja na Msalaba Mwekundu: watu wa kujitolea wenye vipaza sauti vijijini, kisha majengo imara ya kukimbilia. Kazi ilikuwa ndefu, maana kimbunga cha 1991 bado kiliua watu wapatao 138,000. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya 3,000. Mwaka 2009 serikali ilipitisha mpango wa mabadiliko ya tabianchi na kuutengea fedha zake yenyewe.

Wazazi, tuwafundishe watoto wetu jambo hili. Upepo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hakuna kiongozi wa kuuzuia. Lakini onyo, hifadhi na chakula ni amana aliyokabidhiwa. Mgombea akija kuomba kura wakati wa kiangazi, tumuulize mvua zikija ametuandalia nini.