Sandarusi Ndani ya Kopo

Babu alipofariki, kiti chake cha mninga kilibaki barazani kwetu Kibaoni, miguu imegeuka kijivu kwa kunyeshewa. Mama akaniambia nikipige vanishi kiwe kama vya dukani kabla wageni wa arobaini hawajafika. Nikapanda basi hadi Mpanda, nikanunua kopo la vanishi, tina, na msasa namba 80, 120 na 240. Wakati wa kurudi, basi likikata Hifadhi ya Katavi, kopo lilikuwa mapajani, na kichwani nilikuwa na masomo ya muhula uliopita: biashara ya Zanzibar katika karne ya 19. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimebeba kitu ambacho zamani kilitoka nchi hii hii.

Jina vanishi ni la Waingereza, lakini vanishi iliyosifiwa sana zama zile ilipikwa kwa sandarusi ya pwani yetu. Ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliodondoka na kufukiwa ardhini kwa miaka mingi hata ukawa mgumu. Watu wa Mrima, nyuma ya Bagamoyo na kuelekea Rufiji, waliufukua kwa majembe katika vishimo vidogo, wakawauzia wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakaupeleka Unguja. Utomvu mbichi wa mtini uliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ya chini. Wazungu wa Unguja waliliboronga neno hilo hadi likawa "jackass", yaani punda. Fundi aliyenunua sandarusi ya punda hakujua kwamba anazungumza Kiswahili kibovu.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikazidi kuja. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kusafisha sandarusi. Ikishasafishwa iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa kwenye magari ya farasi na samani za matajiri. Meli zilirudi na vitambaa vya pamba, ndiyo maana bibi zetu waliita kitambaa kile marekani. Vitabu vya biashara hii hukaa sana kwenye watumwa na pembe za ndovu, na ni haki. Lakini mchimbaji wa sandarusi, aliyeinama juani na jembe lake, hupewa mistari miwili tu.

Karne ya 20 viwanda vilijifunza kutengeneza utomvu wa kemikali, na vishimo vya Mrima vikaachwa. Kopo langu halikuwa na hata chembe ya sandarusi.

Nilianza na msasa. Hili neno lilikuwapo kabla ya karatasi: msasa ni mti wa jamii ya mkuyu, na majani yake yanakwaruza kiasi kwamba mafundi waliyatumia kulainisha mbao. Namba 80 iliondoa kijivu chote miguuni, wekundu wa mninga ukatokea, na vumbi lake likanipigisha chafya mchana kutwa. Kisha nikafika kwenye mkono wa kulia. Pale kiganja cha Babu kilikuwa kimechimba kibonde na kukiacha kinang'aa, bila vanishi, kwa jasho na mafuta ya ngozi ya miaka mingi. Mipigo kumi ya msasa ingekifuta.

Mama alitoka jikoni, akatazama, akasema, "Hapo pasionekane kiraka, mwanangu."

Nyumbani hakukosekani nta. Misitu yetu ya miombo ina nyuki, na tangu enzi za Wajerumani nta ya bara ilisafirishwa hadi Ulaya. Nikayeyusha kipande kwenye kikopo pamoja na mafuta ya alizeti, nikaupaka mkono ule kwa kitambaa na kuusugua. Sehemu nyingine zote nilizipiga vanishi, mara mbili.

Kiraka kinaonekana. Siku ya arobaini baba mdogo alikikalia kiti kile, akaweka kiganja palepale bila kutazama.