Jicho la samaki chini ya migomba

Simama katikati ya mji wa Moshi, upige picha ya Kilimanjaro kwa kamera ya jicho la samaki, na mlima mrefu kuliko yote Afrika utageuka kichuguu. Hesabu yake si ngumu. Ukitazama kutoka mjini, vilele vyake vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja vinachukua upana wa nyuzi 20 hivi. Lensi ya kawaida ya milimita 50 huona nyuzi kama 40, kwa hiyo mlima unajaza nusu ya picha. Jicho la samaki humeza nyuzi 170. Barabara, paa za mabati, nguzo za umeme, bodaboda wanaosubiri abiria, hata vidole vyako ukizembea, vyote vinaingia. Kibo kinabaki doa jeupe unalolitafuta kwa kukodoa macho.

Haishangazi, basi, kwamba wapiga picha wakubwa wa mlima huu walibeba lensi za aina nyingine. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imeanza kurudi nyuma. Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kibo na kukipiga picha akiwa angani. Lakini kwa maoni yangu waliofanya kazi ya maana kuliko wote ni Fritz Klute na Eduard Oehler, mwaka 1912. Wao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kufika kilele cha Mawenzi, ila sifa hiyo ni ndogo ukiilinganisha na picha walizoshuka nazo. Eneo moja lilipigwa kutoka vituo viwili vilivyopimwa, ili baadaye umbali na kimo vikokotolewe na ramani ichorwe. Kwa kazi yao hiyo tunajua kwamba mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi; kufikia 2011 ilikuwa imebaki 1.76. Picha za namna hiyo zinahitaji lensi inayoacha mstari ulionyooka ubaki umenyooka, na jicho la samaki hilo haliwezi.

Lenyewe lilizaliwa kwenye maji. Mwaka 1906, mwanafizikia Robert Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alitaka kujua samaki anaona nini akitazama juu. Mwanga ukiingia majini hupinda, kwa hiyo anga zima, kutoka upeo hadi upeo, hubanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa cha samaki. Wood alitengeneza kamera ya tundu la sindano, akaijaza maji, akapata picha ya duara. Kwa miaka kadhaa jambo hilo likabaki kichekesho cha maabara.

Aliyelifanya kuwa chombo cha kazi ni Mwingereza Robin Hill wa Cambridge. Mwaka 1924 alieleza lensi ya vioo vitupu, bila maji, ambayo kampuni ya Beck ya London iliitengeneza kwa ajili ya watu wa hali ya hewa. Kamera ililazwa chali, na kwa picha moja mawingu yote ya mbinguni yakawa yamekamatwa. Hill huyuhuyu ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1930, kwamba chembe za kijani zilizotolewa ndani ya jani hutoa oksijeni zikipigwa na mwanga. Wanafunzi wa baolojia wanalikuta jina lake hadi leo. Liweke akilini, maana mawingu na majani yatakutana tena.

Kutoka hapo safari ikaenda mbio. Wajapani wa Nippon Kogaku, kampuni tunayoijua leo kama Nikon, walitengeneza lensi yao ya kupigia anga mwaka 1938, na mwaka 1962 wakatoa ya milimita 8 inayofungwa kwenye kamera za mkanda wa 35. Bei yake haikuwa ya mtu wa mshahara. Mwaka 1967 picha ya jicho la samaki ikapamba jalada la Kimarekani la albamu ya kwanza ya Jimi Hendrix, na waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1990 wanazikumbuka video za Busta Rhymes na Missy Elliott, paji la uso limevimba mbele ya kamera na miguu iko mbali huko. Kisha mwaka 2005 Lomography, jumuiya iliyoanzia Vienna, ikatoa jicho la samaki la plastiki, na bei ikashuka hadi watu wa kawaida wakaweza kulichezea.

Ukilishika unaweza kudhani ni la mtoto. Halina cha kurekebisha: tundu la mwanga ni f/8, kasi ni sehemu moja ya mia ya sekunde, na umbali haupimwi. Mkanda unausogeza kwa kidole gumba, kigurudumu kikikwaruza, kre, kre, kre, hadi kikwame. Toleo la kwanza halikuonyeshi sawasawa kitakachoingia pembeni, kwa hiyo unapiga kwa kukisia na kusubiri mkanda usafishwe. Juani mjini filamu ya 100 inatosha, kivulini weka ya 400. Flashi yake huyaunguza majani ya karibu yakawa meupe kama karatasi, afadhali uizime.

Nenda na kamera hii kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa la Wachaga, Kibosho au Uru, ulale chali kati ya mifereji, na tabia yake inabadilika. Lensi hii hupinda kila mstari isipokuwa ule unaopita katikati ya duara. Ukielekeza kamera juu moja kwa moja, kila shina lililosimama wima linaelekea kwenye kitovu hicho, kwa hiyo mringaringa, mfuruanje na mgrevilea yote inatoka imenyooka. Kilichopindisha nguzo za umeme mjini kinanyoosha miti. Majani ya migomba yanazunguka kama ukingo wa ungo, matawi ya kahawa yanachungulia chini yake, na katikati kuna vipande vya anga. Bibi mmoja aliyenikuta nimelala shambani kwake aliniuliza kama naumwa. Nilipomweleza, akacheka: "Mjukuu wangu, mwanga nauona hata bila kulala."

Ni kweli anauona, na vihamba vimepunguziwa matawi kwa macho tangu zamani. Ila mwaka 1959 Evans na Coombe, Waingereza wawili, waliichukua kamera ya Hill, wakaiingiza msituni na kupiga paa la miti badala ya mawingu. Juu ya duara walichora njia ya jua mwezi kwa mwezi, wakasoma ni lini na kupitia tundu gani mwanga ungefika chini. Wataalamu wa misitu na wa kilimo cha kivuli bado wanaitumia mbinu hiyo, kwa kamera za kidijitali. Cambridge jua halifiki kamwe kwenye kitovu cha duara. Moshi, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, linapita pale pale mwezi Machi na tena kuelekea Oktoba. Juni linasogea kaskazini, upande wa mlima, na Desemba linarudi upande wa tambarare. Mkulima anayetaka kuamua akate tawi lipi la mfuruanje ili mibuni yake ipate jua bila kuungua, angeweza kuisoma picha ya namna hiyo, hata ya kamera ya plastiki.

Sharti moja tu: jua lenyewe lisiwe ndani ya picha, maana hula majani ya kando yake. Linalofaa ni wingu lililotanda sawasawa, majani yatoke meusi na anga jeupe. Kwa Moshi hiyo ni Juni hadi Agosti, asubuhi za baridi na mawingu mazito, siku ambazo wageni hotelini hukaa wakinung'unika kwamba wamefika na mlima hawajauona.