Mwaka Watoto Walipoimba Kwenye Simu

Historia ya watoto wa kwaya yetu hapa Malindi ina pengo, na hatutaki kulificha siku ya jubilii.

Machi 2020 Korona ilifunga makanisa. Julai yakafunguliwa kwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, wenye umri wa miaka 13 hadi 58 tu. Shule ya Jumapili ikabaki imefungwa. Wazee wetu wa besi nao wakabaki nyumbani na wajukuu!

Tukaanzisha kundi la WhatsApp. Mwalimu alirekodi kila sauti peke yake, watoto wakajibu kwa kujirekodi. Tulicheka sana kusikia jogoo na mbuzi wakiitikia. Lakini mtoto ambaye nyumbani kuna kabambe tu, au bando limekwisha, alikosa zoezi, nasi hatukumfuata. Kosa hilo ni letu.

Waliporudi walijua maneno yote, ila kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Kwenye simu hakuwa na jirani wa kumsikiliza. Ilituchukua miezi kuwaunganisha. Wengine hawakurudi kabisa.

Siku hizi zoezi hutumwa kwa simu Jumatano. Jumamosi simu zote huwekwa kikapuni mlangoni, na wasio nazo huitwa mapema, wafundishwe kwanza. Mwaka jana tulikwenda Watamu kuwatafuta wawili tuliowapoteza. Leo mtawasikia katika sauti ya pili.